SURA YA NCHI KATIKA MVUA NA KIANGAZI: SOMO LA KUPIGA PICHA

Karibu kila mwanafunzi wa madarasa ya juu katika shule yetu leo ana simu yenye kamera, yake mwenyewe au ya kuazima, na wengi wetu hupiga picha kila siku. Lakini ukizitazama picha hizo utaona kwamba karibu zote ni za watu: rafiki kavaa shati jipya, harusi, ubatizo, timu ya mpira. Nchi yenyewe, yaani milima, uwanda, ziwa na mbingu, huonekana nyuma ya mabega ya watu tu, kama pazia la ukutani. Nimependa kuandika habari za pazia hilo. Kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa nikipiga picha za sura ya nchi kutoka mahali pamoja hapa Mutakura, nikielekea upande mmoja, na yale niliyoyaona ndiyo nitakayoyaeleza.

Mahali penyewe ni ngazi ya nje ya nyumba ya ghorofa ya jirani yetu, mzee mwema ambaye huniacha nipande bila kuniuliza neno, isipokuwa kama nimekwisha kunywa chai. Ukisimama kwenye kidato cha juu ukaelekea magharibi, waona kwanza mabati ya nyumba, halafu miembe na michikichi, halafu uwanda wa Ruzizi, halafu utepe mwembamba wa Ziwa Tanganyika, na mwisho milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira. Nyuma yako, mashariki, iko milima yetu wenyewe ipandayo mpaka Bugarama. Basi sisi tunakaa katikati ya kuta mbili, na jambo hili lina maana kubwa kwa mpiga picha.

Kwanza habari za jua, kwa maana picha ni nuru. Mafundisho mengi ya kupiga picha tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, na mtu akiyafuata neno kwa neno hapa kwetu atashangaa kwa nini picha zake hazifanani na zao. Chukua Ireland, kisiwa kinachosifiwa sana na wapiga picha kwa mawingu yake na majani yake mabichi. Mji wa Dublin uko karibu na nyuzi 53 kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Desemba jua la saa sita mchana hapo hupanda kama nyuzi 13 tu juu ya upeo wa macho, na mchana mzima ni muda wa saa saba na nusu. Mwezi wa Juni mchana ni muda wa saa 17. Kwa hiyo mpiga picha wa Ireland, wakati wa baridi, hupata nuru ya ubavuni kutwa nzima. Aweza kulala mpaka amechoka kulala, akanywa chai, akatoka saa sita, na bado vivuli ni virefu.

Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Jua la saa sita halishuki kamwe chini ya nyuzi 63, na mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, husimama juu ya utosi kabisa, hata mlingoti wa bendera ukakosa kivuli. Nuru ya namna hiyo huipiga nchi kutoka juu, ikayafuta mabonde yote, na mlima mkubwa ukaonekana bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nuru ya ubavuni ndiyo iutiayo mlima mwili, kwa sababu kila korongo hupata upande wa mwanga na upande wa giza.

Kanuni ninayoitumia haihitaji chombo. Tazama kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45, basi piga; kikiwa kifupi kuliko wewe, rudi ukasome hesabu. Kwetu jua hupanda karibu nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukihesabu toka saa kumi na mbili asubuhi utaona kwamba nuru njema yaisha mnamo saa tatu, na kurudi mnamo saa tisa alasiri. Mwezi wa Juni waweza kuongeza nusu saa asubuhi, maana jua halipandi sana. Hayo ndiyo yote tuliyopewa, na lazima mtu aamke mapema.

Halafu zile kuta mbili. Asubuhi jua hutoka nyuma ya milima yetu, na Mutakura hukaa kivulini kitambo baada ya milima ya Kongo kwisha kupata nuru. Kwa dakika chache vilele vya ng'ambo ni vyekundu na uwanda wote bado ni wa buluu nzito. Mimi naipenda saa hiyo kuliko nyingine. Jioni mambo hugeuka: jua huzama nyuma ya Kongo, kivuli cha milima ile huja mbio juu ya ziwa na uwanda, na milima ya mashariki ndiyo ibakiayo ikiwaka. Watu wote wakati huo wameelekeza simu zao magharibi wapige picha ya machweo. Machweo yamepigwa mno. Mpe jua mgongo, utazame upande wa Gihosha na milima iliyo nyuma yake, utapata picha ambayo hakuna mwingine aliyeipiga jioni ile.

Jambo moja zaidi la jua, ambalo sikulifahamu mpaka nilipoziweka picha zangu pamoja. Jua halitui mahali pamoja. Mwezi wa Juni hutua kaskazini ya magharibi, juu ya milima ya bonde la Ruzizi. Mwezi wa Desemba hutua kusini ya magharibi, kupita Uvira. Toka mwisho huu mpaka mwisho ule ni karibu nyuzi 47. Ukinyosha mkono na kukunja ngumi, upana wa ngumi yako ni kama nyuzi kumi. Basi jua letu hutembea ngumi tano juu ya ukuta wa Kongo, likaenda na kurudi kila mwaka. Wazee waliokuwa wakipima miezi kwa vilele vya milima hawakuwa wakibahatisha.

Sasa majira. Wakulima wetu huugawa mwaka wa kilimo sehemu tatu: agatasi, impeshi na ici. Agatasi huanza na mvua za kwanza, Septemba au Oktoba. Impeshi hufuata kuanzia Februari. Na ici ndicho kiangazi, Juni mpaka Agosti au Septemba, wakati unapolimwa udongo wa mabondeni wenye maji. Mpiga picha aweza kuufuata mgawanyo huo huo.

Wengi hudhani kiangazi ndio wakati mzuri, kwa kuwa mbingu haina wingu. Sivyo hata kidogo. Vumbi na moshi wa majani yachomwayo hujaa hewani juma baada ya juma. Mwezi wa Juni milima ya Kongo bado ina rangi, Julai ni kama imechorwa kwa risasi ya kalamu, Agosti haipo. Mgeni afikaye Bujumbura mwezi huo aweza kuamini kwamba ziwa halina ng'ambo. Sababu ni hii: kila chembe ya vumbi hutawanya nuru, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo chembe zilivyo nyingi kati yake na jicho, mpaka weupe wa hewa unakishinda kitu chenyewe. Hakuna simu iwezayo kurudisha kilichofichwa hivyo. Lakini utusitusi huo una faida yake. Mapema asubuhi mwembe ulio karibu ni mweusi kabisa, mchikichi wa pili ni wa kijivu, wa tatu ni mweupe, na kila safu yajitenga na nyingine. Mtu akiacha kuililia milima akakaribia miti, ici itampa picha nzuri, zenye rangi mbili tu.

Kisha huja mvua ya kwanza. Mwaka jana ilinyesha usiku, na asubuhi nilipopanda ngazi Kongo ilikuwa imerudi yote, na makorongo yake, na misitu yake, karibu hata nikadhani imesogezwa. Vumbi lilikuwa limeoshwa likaanguka. Hali hii haidumu, kwa sababu mvua za mwanzo ni chache na jua la siku mbili laweza kuinua vumbi tena. Kwa maoni yangu asubuhi inayofuata mvua ya kwanza ni siku moja ya mwaka ambayo mpiga picha hana ruhusa ya kuugua.

Katika agatasi na impeshi mawingu hayapungui, na hapo yafaa kufahamu udhaifu wa kamera. Jicho laweza kuona wingu jeupe na bonde lenye giza kwa mara moja; kamera haiwezi, lazima ichague. Ikilichagua bonde, wingu huwa karatasi nyeupe. Ikilichagua wingu, bonde huwa makaa. Kwa simu nyingi waweza kugusa kioo mahali unapotaka papimwe. Mimi hugusa wingu, nikakubali nchi iwe na giza kidogo, kwa sababu giza laweza kupunguzwa baadaye lakini weupe uliopotea haurudi. Na siku ambayo mbingu yote ni ya kijivu bila mwanya, achana na mbingu kabisa. Elekeza kamera chini, kwenye mashamba. Majani ya migomba yaking'arishwa na jua hung'aa kama bati. Chini ya wingu hutoa rangi yao ya kweli. Mpunga wa Gihanga nimeupiga siku za namna hiyo, kwanza mchanga, kisha mzito, na mwezi wa Mei umekwisha kuwa wa manjano, na hakuna jua la mchana lililowahi kunipa rangi zile.

Mvua yenyewe hupigika pia, ikiwa nyuma yake pana giza: mlango ulio wazi, kichaka, ukuta uliolowa. Mbele ya mbingu nyeupe matone hayaonekani. Simu itiwe katika mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele ya kamera, na mpigaji asimame chini ya paa, hasa radi inapokuwa karibu. Wataalamu waliopima radi za dunia kwa chombo kilicho angani walieleza mwaka 2016 kwamba mahali pa kwanza kwa radi ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, na pa pili ni Kabare, karibu na Bukavu, yaani kaskazini mwa milima hii hii tunayoitazama. Picha ya radi ipigwe kutoka dirishani, na dari ya nyumba iachwe peke yake.

Mara mbili katika mwaka huu nilitoka Mutakura nikapanda barabara kuu mpaka Bugarama. Ni mwendo wa kilomita 35 hivi, lakini mtu aliyeondoka mjini akitoka jasho hufika akitafuta koti. Kule ukungu ndio mwenyeji. Vijana wa baiskeli hushuka na ndizi na makaa mpaka mjini, nao hurudi wakiwa wameshika nyuma ya malori, jambo la hatari kubwa, na wengine wamepoteza maisha yao. Ukungu hufunika lori, ukamwacha kijana mmoja na mkono wake ulionyoshwa. Picha hiyo ninayo, lakini sikuipeleka kwenye gazeti letu, kwa kuwa uso wake unajulikana na sikupata nafasi ya kumwuliza.

Kama mtu atauliza, kuna faida gani kupiga mahali pale pale mara nyingi, nitamjibu kwa habari za milima mingine ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alifika Ruwenzori pamoja na msafara wa Mtawala wa Abruzzi. Hakuwa na simu ya mfukoni: alichukua picha zake kwa kamera nzito, na milima ile hufichwa na mawingu siku nyingi, hata ilimpasa mtu kukaa katika baridi akingoja mwanya. Picha zake zilisifiwa kwa uzuri. Baada ya miaka mingi wengine walikwenda wakasimama pale pale, na uzuri ukageuka kuwa ushahidi. Barafu ya Ruwenzori, iliyokuwa kama kilomita za mraba sita na nusu mwaka 1906, ilikuwa imepungua hata isifike moja mwaka 2003. Hali kadhalika Kilimanjaro: kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ule ulipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Sella hakujua kwamba anapiga picha ya kitu kinachoondoka.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonipandisha ngazi ile hasa. Mama mdogo wangu alikuwa akikaa Gatumba, kando ya barabara iendayo Uvira. Mwaka 2020 mto Ruzizi ulifurika, maji yakaingia nyumbani mwao, na maelfu ya watu wakahama. Yeye alikuja kwetu Mutakura na watoto wake na godoro moja. Ziwa nalo lilikuwa likipanda. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, ulio mbali upande wa Kongo karibu na Kalemie, kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo maji hukaa. Mwaka 2024 yalifika katika mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na ufuo. Na hapa kwetu kaskazini ya mji hatukuwa salama zaidi: usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yalishuka kutoka milimani juu ya Gatunguru, Kamenge na Kinama, wakafa watu zaidi ya 60. Picha za asubuhi yake zipo. Picha za makorongo yale yalivyokuwa mwezi mmoja kabla, mimi sijaziona.

Mama mdogo ana picha moja tu ya nyumba yake, nayo ni ya ubatizo wa mtoto wake wa pili. Watu kumi na mmoja wamesimama mbele. Nyuma yao, kati ya bega la babu na kofia ya mama mmoja, waonekana ukuta, mwembe, na mfereji uliopita kati yao na jirani. Siku moja majirani wake wa zamani wawili walikuja kwetu, wakaomba kuiona picha hiyo. Hawakumtazama mtoto. Waliishika karibu na dirisha wakapima kwa kidole mfereji ulikuwa umbali gani kutoka mwembe, kwa sababu walitaka kurudi kujenga na kila alama ya mpaka ilikuwa imefunikwa na matope. Walibishana kwa muda mrefu, kwa adabu, kisha wakakubaliana. Kofia ya yule mama ilikuwa imeficha sehemu ya mwisho ya mfereji, na sehemu hiyo mpaka leo hawana hakika nayo.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, na afanye hivi. Achague mahali pamoja asipoweza kufukuzwa, na alama mbili za kudumu za kulinganishia picha; mimi hutumia mnara mmoja wa simu na kilele kimoja cha Kongo, nikahakikisha kila mara kimoja kiko juu ya kingine. Apige angalau mara moja kwa juma, saa ile ile. Aandike katika daftari tarehe, saa, upepo umetoka wapi, na kama mvua imenyesha jana, kwa maana simu hukumbuka tarehe lakini haikumbuki jana. Asifute picha za siku mbaya. Picha zangu za Agosti, zisizo na Kongo, ni mbaya zote, nami nimezihifadhi zote, kwani bila hizo zile za Oktoba hazisemi kitu. Asiweke picha katika simu peke yake, maana simu huibiwa na huanguka majini. Achapishe walau moja kwa kila mwezi, aandike nyuma kwa kalamu ya risasi. Tena asielekeze kamera kwenye madaraja, kambi za askari au uwanja wa ndege bila idhini, wala asimpige mkulima shambani kwake kabla ya kumwamkia na kumwomba. Mara nyingi mkulima akisha kukubali, yeye ndiye atakayekuonyesha maji yalifika wapi mwaka uliopita.

Picha zangu kumi na mbili zimebandikwa ukutani katika chumba cha jiografia, kwa ruhusa ya mwalimu, na picha ya ubatizo imenakiliwa ikawekwa kando yake. Zinahitaji wenzao wa kale. Maji ya ziwa hili yalipanda sana vile vile mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, au baba zenu, huenda mna picha za siku zile na za miaka iliyofuata ndani ya masanduku. Hata kama ni za harusi, zitazameni nyuma ya watu. Mkiona ufuo, mto, daraja la miti au kilima chochote cha upande wa Gatumba, Gihanga au Mutakura, tunaomba mtuletee nakala, pamoja na mwaka na mwezi kama mwaukumbuka, na kama ilikuwa wakati wa mvua au wa kiangazi.